Insha ya Pili ya Bupe

Mwalimu wa Kiingereza aliisoma insha ya Bupe mara tatu, na bado hakuamini. Mtoto wa kidato cha pili ambaye hajibu hata swali darasani, Kiingereza safi hivi kakitoa wapi?

"Nani kakuandikia?" alimwuliza ofisini.

"Nimeandika mwenyewe, madam."

"Haya. Kaa hapa uniandikie nyingine. Andika kuhusu kwenu, Manzese."

Bupe aliinama, akaandika bila kusita. Mwalimu alimkodolea macho, akitafuta kikaratasi ndani ya mkono wa sweta. Hakukuwa na kitu.

Alianza kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mstari wa nne ulisema chumba cha Bupe hakina kitasa tangu baba wa kambo alipoking'oa. Wa tano hakuumaliza. Akaiweka kalamu chini.

"Mama anajua?"

"Hapana. Baba huwa anapekua madaftari yangu yote, madam. Ila Kiingereza hajui."

Mlinzi aligonga, akachungulia.

"Mwalimu, baba yake Bupe yuko getini. Kaja kumchukua."

Kalamu ya Bupe ilianguka sakafuni.

"Mwambie ameshaondoka," alisema mwalimu, akauchukua mkoba wake. "Bupe, twende. Tunapita nyuma."