Shada Lenye Ndevu

Zamani, wanyama walipokuwa bado na milango, majirani wa mtaa mmoja walikubaliana kwamba atakayetundika shada zuri kuliko yote mlangoni, vyungu vyote vya pilau ya sikukuu vitapelekwa kwake.

Bi Mbuzi, ambaye hakujua kushiba, akapinda ufito ukawa duara, akaanza kulisokotea majani mabichi. Kila jani alilionja kwanza, asije akaweka bovu. La kwanza lilikuwa tamu. La pili likawa tamu zaidi. Alipokuja kushtuka, wageni walikuwa uani, na msumarini linaning'inia duara tupu. Akapenyeza kichwa humo, akaganda.

"Mzee Kobe, hili lina ndevu," akasema Bi Kanga.

"Na macho linapepesa. Hakuna la kushindana nalo. Vyungu viingie."

Bi Mbuzi nusura aruke kwa furaha, akakumbuka kwamba mashada hayaruki.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Bi Kanga.

"Atakuja. Tuanze, chakula kisipoe."

Ndani, vijiko vikagongana, vicheko vikapaa, harufu ya iliki ikatoka hadi mlangoni. Alasiri wageni walipokuwa wakiondoka, huku wakijipangusa midomo, shada likawauliza kwa sauti ndogo, "Jamani, hata ukoko haukubaki?"