Ukuta wa Upande wa Mashavu

Bango la manispaa lilitangaza ghorofa kwenye kiwanja cha Bi Nargisi na kumwita yeyote mwenye pingamizi. Jirani yake, Bi Mashavu, alilisoma akahisi kifua kinamwaka. Ghorofa! Nargisi huyu aliyekuwa akija kwake kuazima kanga za kuendea harusini! Akaenda ofisini mbio.

"Atanichungulia uani, mwanangu," alimwambia afisa wa mipango miji. "Nikifua, ananiona. Nikipika, ananiona."

Afisa akakunjua mchoro mezani: baraza, ngazi, roshani yenye nakshi. Bi Mashavu aliitazama roshani ile bila kubandua macho.

"Upande wako ni huu, mama. Ukuta mtupu."

Katika mtaa wao, dirisha la ubavuni ndilo la kupokezana bakuli la futari na kuulizana hali. Yeye na Nargisi walikuwa wakipokezana tangu walipokuwa maharusi.

"Hata kidirisha kimoja?"

"Hata tundu. Sasa pingamizi lako niandike nini?"

Kidole cha Bi Mashavu kilikuwa juu ya ukuta ule, kikichora kimraba kidogo, palepale mkono wenye bakuli unapofika.