Maili 1,204

Simu ya nyumbani iliita mara kumi na mbili, hakuna aliyepokea. Royce Tackett akakata, akafungua ile programu ya gari. Ilimpa mambo mawili tu, mafuta na maili, naye shida yake ilikuwa maili.

1,204. Kama asubuhi. Basi mkewe Noreen yupo.

"Bado unalichungulia?" Curtis akamtania, mdomo umejaa mkate. Kiwanda kizima cha viti kilijua habari za gari lile la kukunja paa. "Nguvu za farasi mia nne na sitini, halafu linalala bandani kama bibi mgonjwa. Si uliendeshe, bwana!"

"Wewe endelea kuendesha kopo lako," Royce alisema. "Yale ya zamani ukikunja paa bodi yote inacheza. Hili wamelikaza fremu, kila gurudumu la nyuma lina springi yake. Kona unakata kama umekaa sebuleni. Gari la hivi haliendeshwi, Curtis. Linabebwa kwenye trela. Kila maili inalishusha thamani."

Hakusema kwamba gari lilikuwa la Noreen, aliyeachiwa na marehemu baba yake, wala kwamba kila asubuhi alimwachia mkewe hati ya gari mezani, na kalamu, ili asaini gari liwe la Royce. Wala hakusema habari za maili kumi na moja. Mwezi wa tano Noreen alikwenda nalo kwa dada yake, akarudi mapema, akadhani hakuna atakayejua. Joto lote la mwezi wa sita alivaa mikono mirefu.

Baada ya hapo Royce aliuza kigari kidogo cha mkewe. Huko kwao, nje ya Toledo, kutoka mlangoni hadi dukani ni maili tisa za mahindi matupu.

Akapiga tena. Kimya.

Yaani yupo ndani na hapokei! Damu ikamchemka. Akamwambia msimamizi tumbo linamsumbua, akapanda pikapu lake, akaondoka. Leo Noreen angesaini, apende asipende.

Karibu na ghala la nafaka akapishana na lori jeupe likivuta trela, juu yake gari limefunikwa turubai hadi chini, mikanda imekazwa barabara. Hasira ikampoa kidogo. Huyo alikuwa mtu anayejua gari. Akampigia honi mbili, kama wafanyavyo wenye magari hayo wakikutana njiani. Dereva akajibu. Aliyekaa pembeni yake aliinama ghafla, kama ameangusha kitu.

Nyumbani aliingia kwa mlango wa jikoni, akifungua mkanda wa suruali.

"Noreen!"

Sufuria zilikuwa zimeoshwa, zimefunikwa. Juu ya meza kalamu ilikuwepo, hati haikuwepo. Amesaini, akawaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Atakuwa bandani analiaga gari la baba yake.

Akaenda, akausukuma mlango wa banda. Mitego ya panya ilikuwa mahali pake. Waya wa kuchajia betri ulikuwa umezungushwa vizuri, umetundikwa ukutani. Katikati ilibaki sakafu tupu.

Royce akatoa simu, akafungua ile programu.

Maili 1,204.