Mgongo wa Masele

"Vuta, Mama Esta. Vuta tena."

Febronia alimwekea mumewe goti kiunoni, akaivuta kaniki kwa mikono miwili mpaka Masele akaguna. Akafunga fundo, akalisukumia ubavuni lisije likaonekana, kisha akamvalisha shati juu yake. Masele alijaribu kusimama wima. Alisimama, lakini jasho lilimtoka usoni, na jua lenyewe lilikuwa bado halijachomoza.

"Naonekanaje?"

"Kama bwana harusi," alisema Febronia, akageuka ili mumewe asiyaone machozi yake.

Siku hiyo afisa wa serikali alikuwa anakuja kuwapima migongo wapakiaji wa kiwanda cha kuchambua pamba, pale Shinyanga. Kazi yao ilikuwa kubeba magunia ya mbegu za pamba kutoka ghalani, kupanda nayo ubao na kuyatua ndani ya behewa la treni. Kupimwa hakukuwa jambo geni kwao. Enzi za tajiri wa zamani, kabla chama cha ushirika hakijakichukua kiwanda, alikuja daktari, akawabonyeza mmoja mmoja, na kila aliyesema "aa!" alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Damian, jirani yao, alisema "aa!" Mpaka mwaka huo, 1969, alikuwa bado anashinda mlangoni kwake akifukuza nzi.

Masele hakuwa na shamba, wala ng'ombe hata wa dawa. Alikuwa na mgongo tu, nao ulikuwa umeharibika tangu masika. Usiku hakuweza kujigeuza. Febronia ndiye aliyemgeuza. Kazi ikimponyoka, watoto wangekula nini? Wenzake walilijua hilo, na kila mmoja alikuwa na lake la kuficha. Wakakubaliana wote kwamba hakuna anayeumwa.

Afisa, Bwana Shaaban, alikuwa mtu wa Tabora, mfupi, mwenye sauti ya upole, na upole huo uliwatia hofu zaidi. Alilipima gunia kwenye mizani, akaguna. Akaupima ubao na mwinuko wake, akaguna tena. Kisha akawakusanya wanaume kivulini.

"Nani anaumwa mgongo?"

Wanaume wakajinyoosha migongo.

"Kiuno? Magoti? Jamani, mficha uchi hazai."

"Sisi tunazaa sana, bwana," alijibu Donatus, nyapara wao, na wote wakacheka kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Bwana Shaaban hakucheka. Alitoka mpaka getini, ambako Febronia alikuwa akiuza uji.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Mumeo ni mmoja wa hawa?"

"Ndiyo. Masele, yule mrefu."

"Usiku analalaje?"

"Kama mtoto mchanga," alisema Febronia. Akazidisha kumimina, uji ukamwagika. "Anakoroma mpaka majirani wanalalamika."

Afisa alimtazama kitambo, kama anayengoja aongeze neno. Febronia akainamia chungu chake. Basi afisa akarudi ndani, akaanza kuwabonyeza migongo, nao wakabonyezwa huku wakitabasamu mmoja baada ya mwingine. Alipomfikia Masele, vidole vyake viligota kwenye kitu kigumu.

"Una nini hapa?"

"Kaniki, bwana. Asubuhi kulikuwa na baridi."

"Baridi? Shinyanga hii?"

Wapakiaji walitazamana. Masele aliiona kazi yake inakwenda, na Damian akimsogezea kigoda pale mlangoni. Akainama ghafla.

"Donatus, niwekee gunia."

"Usibebe," alisema Bwana Shaaban. "Sijakuomba ubebe."

Lakini gunia lilikuwa limeshapanda mgongoni, na Masele ameshaanza kuukwea ubao. Alikwenda vizuri. Wenzake wakamwimbia wimbo wa kazi kwa Kisukuma, na Febronia pale getini akasali Salamu Maria kimoyomoyo. Karibu na mlango wa behewa wimbo ukakatika. Masele alikuwa chini, gunia juu yake.

"Ameteleza!" Donatus alipiga kelele hata kabla hajamfikia. "Ubao una umande!"

Umande ulikuwa umekauka zamani. "Ameteleza!" wakaitikia wote, huku wakimwondolea gunia, maana walivyojua wao, aliyeteleza hurudi kazini, mgonjwa harudi.

Bwana Shaaban alipiga magoti. "Masele, ndugu yangu, niambie kweli. Ulikuwa unaumwa kabla ya leo?"

"Nimeteleza, bwana." Masele alijaribu kuikunja miguu yake, nayo haikumtii. Akajaribu tena, akatabasamu. "Kesho nakuja kazini."

Febronia alifika akihema, akamwangukia mumewe kifuani na kumfunika kwa khanga yake ili kaniki isionekane. Moyo ulikuwa unampasuka. Alitamani kulia kwa sauti, aseme kila kitu, lakini ulimi alikuwa ameufundisha tangu alfajiri.

"Haki ya Mungu, bwana, huyu ni mzima. Msimfukuze. Hajawahi kuumwa hata siku moja."

"Hata siku moja," wakaunga mkono wenzake.

Bwana Shaaban akainuka taratibu, akajipangusa vumbi magotini. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyechoka.

"Basi, mama, aliyeteleza sina la kumfanyia," alisema. "Mimi nimetumwa kutafuta mtu mmoja tu aliyeumizwa na magunia haya, ili niyapunguze uzito kwa nusu kwa wote, na yeye apewe kazi ya kukaa kwa mshahara uleule. Natafuta tangu asubuhi, na kila mtu hapa ni mzima."