Kikao cha Mama Shughuli

Mama Shughuli aliingia kikao kikiwa katikati, visigino vikigonga sakafu ko, ko, ko, simu sikioni, mkoba mkubwa ukimpigapiga nyongani. Hakuomba radhi. Watu wa aina yake hawaombi radhi. Wananyoosha kidole kimoja juu, dunia nzima isubiri wamalize maongezi yao.

"Nipo kikaoni, mpenzi. Cha shule, si unawajua? Hawa watu hawana kazi za kufanya, kutuita tu kila siku!"

Vicheko vikasikika ukumbini. Mwalimu wa darasa, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, akamwonyesha kiti.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa amenogewa na hotuba. Huyo naye! Ushirikiano wa wazazi na walimu, kisha ushirikiano wa walimu na wazazi, kisha anarudi alikoanzia, kama mtu anayepiga pasi shati lilelile asubuhi nzima. Mkono mmoja alikuwa akiupunga, wa pili ameulaza kwenye tumbo lake kubwa, na kila alipopandisha sauti alilikamata kwa nguvu zaidi.

"Mtoto ni wetu sote!" alisema. "Kwa hiyo, ndugu wazazi, kila mmoja wetu asidhani ni wake!"

Mzazi mmoja wanayemwita Baba Usingizi akapiga makofi bila kufumbua macho. Alikuwa anakoroma tangu ajenda ya kwanza.

"Tuje kwenye jambo lililotuleta," mwalimu akasema, kwa haraka kidogo, kana kwamba aliogopa kusahau. "Mama, binti yako analala darasani. Nikifundisha hesabu, analala. Nikifundisha sayansi, analala. Kamati inataka arudie darasa."

"Basi fundisha vizuri!" Mama Shughuli akamjia juu. "Mtu akifundishwa vizuri atalala vipi? Mimi nimewaletea mtoto mzima, ana macho, ana masikio. Mmemharibu wenyewe, halafu mnaniita mimi?"

"Nyumbani huwa analala saa ngapi?"

"Hilo muulize dada wa kazi."

"Anapenda somo gani?"

"Muulize mwenyewe, si ana mdomo?"

"Yuko darasa la ngapi, mama?"

Mama Shughuli akafungua mkoba, akachungulia ndani, akapekua, akaufunga. Ukumbi ukavunjika mbavu. Baba Usingizi akashtuka, akauliza kama kikao kimeisha, alipoambiwa bado akarudi kukoroma.

Vicheko vile vilianza kumkera. Mwanzoni alivitaka, sasa vilimkaba. Walikuwa wanacheka nini hasa? Kwa nini yule binti anasinzia, yeye alijua. Mle ndani hakuna aliyejua zaidi yake, si mwalimu na miwani yake, si mwenyekiti na ushirikiano wake. Tangu asubuhi jambo hilo lilikuwa limemkaa kifuani kama tonge lililokwama. Asipolisema leo, mbele ya watu wote hawa, nyumbani hatalisema kamwe. Nyumbani hakuna anayekaa kumsikiliza mwenzake. Na palikuwa na mtu mmoja mle ukumbini ambaye alimtaka alisikie, wengine shauri yao.

"Kwa kuwa mzazi hana la kuongeza," mwenyekiti akasema, "binti arudie darasa. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Baba Usingizi akanyoosha miwili, usingizini vilevile. Mikono mingine ikafuata, maana siku zote ni rahisi kumrudisha mtoto wa mwenzio.

Hapo Mama Shughuli alitakiwa aweke simu sikioni na kujiondokea, mabega juu, aendelee na shughuli zake. Hakuondoka. Aliiweka simu ndani ya mkoba, na mkoba akauweka chini.

"Analala darasani kwa sababu usiku halali," akasema. Ile sauti ya kuwakaripia watu ilikuwa imemtoka. "Ananisubiri. Anasikiliza geti. Nikiingia anajifanya amelala, asije akagombezwa kwamba yuko macho mpaka saa hizo. Anataka tu asikie navua viatu, ajue nimerudi. Halafu anangoja nifungue mlango wa chumba chake. Sifungui. Napita."

Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma, lakini lilikuwa limeshatoka. Mwalimu akaisukuma miwani juu ya pua. Jibu hilo hakulitegemea hata kidogo. Mwenyekiti akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akitafuta mtu wa kumwambia aseme nini.

"Basi," akababaika mwishowe. "Basi, asirudie darasa."

Makofi yakalipuka. Watoto wa darasa la tano wakashikana mikono jukwaani, wakainama mbele ya wazazi wao, wote isipokuwa yule msichana aliyecheza Mama Shughuli. Yeye alibaki amesimama wima, macho yamemganda mama yake kwenye safu ya pili.

Mama yake alikuwa anapiga makofi kuliko wote, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Jamani, kuna wanawake wana roho ngumu!" alimnong'oneza jirani yake. "Mimi wangu, namshukuru Mungu, kila nikirudi namkuta ameshalala fofofo."