Daraja la Bibi Nungunungu

Sikilizeni, na wa kusinzia asinzie. Wanyama walipopanga mistari ya kura ya kumchagua kiongozi, nusu kamili walisimama nyuma ya Nyati, nusu nyuma ya Kiboko. Akabaki bibi Nungunungu katikati, kura ya kuamua, naye hajamwona mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo ya mto, maana daraja lilivunjika.

"Mama yetu mpendwa, njoo kwangu, nitajenga daraja," Nyati akabembeleza.

"Ahadi haivushi mtu, mwanangu. Bado nafikiri."

Kiboko kusikia hivyo akakimbilia magogo ya kujengea. Nyati, kwa wivu, naye akayaunganisha kwa kamba. Jioni daraja likasimama, na Nungunungu akalivuka bila kugeuka nyuma.

"Bibi, na kura?" wakapiga kelele.

"Kwanza nikambebe mjukuu," akasema, akishusha pumzi. "Nyinyi endeleeni kunipenda hadi nirudi."