Mashine za Nyuma

Mashine ya kumi na tisa ilizimika tena, ikaacha usukani wa pikapu umechorwa nusu.

Wahome aliipiga ubavuni kwa kiganja, kama anavyopigwa ng'ombe mkaidi. Ikawaka, ikaguna, ikazimika. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Musila alikuwa amekaa, ncha za viatu zikigusa sakafu kwa shida. Alifungua thamosi polepole.

"Imekataa?"

"Imekataa, Mzee."

"Pole. Kunywa chai."

Chumba kilikuwa juu ya duka la vyakula vya mifugo, hapo Kitengela. Kompyuta ishirini zilijaa kwenye rafu, na kazi yao ilikuwa moja: kuchora picha, moja baada ya nyingine, mpaka zitembee kama sinema. Kazi ya Wahome ilikuwa kuamua kompyuta gani ichore nini. Kumi za mbele zilikuwa mpya na zenye nguvu, nazo zilichorea makampuni ya Nairobi. Kumi za nyuma zilinunuliwa zikiwa zimeshachoka. Hizo zilipewa kazi za watu wadogo. Hiyo ilikuwa sheria ya Gakuru, bosi wake, na Gakuru hakuwa mtu wa kurudia sheria.

Kazi ya akina Musila ilikuwa ya watu wadogo.

Katee, mwana wa mzee, alikuwa rumande. Pikapu ya nyumbani, ikitoka Isinya na marobota ya nyasi, ilikuwa imemgonga mchungaji aitwaye Lemein na kumuua, wala haikusimama. Polisi walipoikuta uani kwa Musila, Katee alisema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, na tangu siku hiyo hakuongeza neno. Mkewe ndiye aliyekataa kuamini. Alitafuta wakili, na wakili akapimisha kila kitu ndani ya gari: kiti, kioo, usukani. Vipimo hivyo ndivyo Wahome alivyokuwa akivigeuza kuwa picha, ili hakimu wa Kajiado ajionee ni mtu wa namna gani aliyekuwa amekaa pale. Kesi ilikuwa Ijumaa. Bila picha hizo, wakili alisema, Katee hana utetezi.

Kila siku mzee alikuja na chai yake, akakaa. Hakulalamika, hakumharakisha mtu. Alikuwa na swali moja tu.

"Kwa hizi za nyuma, itafika Ijumaa?"

"Haitafika, Mzee. Siwezi kukudanganya."

Mzee aliinamisha kichwa. "Haya. Ndiyo hali."

"Niko na hizo za mbele, lakini bosi..."

"Wacha, kijana wangu. Usijitie taabuni kwa sababu yetu. Sisi tumezoea kungoja."

Maneno hayo yalimchoma Wahome. Baba yake mwenyewe alikuwa mtu wa hivyo, wa kukaa mwisho wa foleni na bado kusema asante. Alikufa kwenye foleni vilevile.

Jumatano, mashine mbili zaidi za nyuma zilikufa. Wahome alizitazama zile za mbele zikinguruma kwa afya, zikichora tangazo la maziwa: ng'ombe kumi na wawili wakicheza ngoma malishoni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliliondoa lile tangazo kwenye mashine zote za mbele, akaziwekea pikapu ya Musila.

Alhamisi asubuhi Gakuru alipiga simu.

"Wahome, ng'ombe wangu wamesimama. Nani amewasimamisha?"

"Ni mimi, bosi."

"Ala! Basi wakianza kutembea, tembea nao. Jumatatu nisikupate hapo."

Wahome aliweka simu mezani. Kazi kama ile asingeipata tena, si Kitengela, si kwingine. Lakini picha ziliendelea kumwagika, na kabla ya chakula cha mchana zikaisha.

Alimsikia mzee akipanda ngazi, akatoka kumlaki.

"Mzee, njoo! Imekamilika!"

Mzee Musila alisimama katikati ya ngazi. "Imekamilika vipi?"

"Niliihamisha kwa zile za mbele."

Mzee alishika ukuta. Wahome alishuka haraka, akamkamata mkono, akampandisha na kumkalisha. Furaha ya ghafla humlegeza hata kijana, alijiambia.

Kwenye skrini pikapu ilianza kutembea barabarani. Halafu upande wake mmoja ukafifia, ukawa kama kioo, na ndani akaonekana dereva wa rangi ya kijivu, asiye na uso.

"Angalia kiti," Wahome alisema. "Kimevutwa mbele kabisa. Na kioo kimeinamishwa. Mke wa Katee ameniambia bwana yake akiingia mlangoni lazima ainame. Sasa mtu kama huyo angeweka magoti wapi? Hakuwa Katee! Kesho hakimu akiona hii, kijana wako anarudi nyumbani."

Mzee Musila alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Pikapu ikafika kwa mchungaji. Haikusimama.

"Wakili ameiona?"

"Bado. Anakuja jioni. Nilitaka wewe uwe wa kwanza."

"Na mke wa Katee?"

"Pia yeye bado."

Mzee aliinuka, akaufunga mlango, akarudi akasimama karibu sana na Wahome.

"Ifute," alisema. "Irudishe kwa zile za nyuma, ianze upya."

"Mzee?"

"Katee ana umri wa kufungwa na kutoka, kijana wangu. Mimi sina."